Kalibu ya Tundu Moja

Kiswahili hakikuhangaika kutafuta neno la pili:
madini ni risasi,
na kinachotoka ndani ya kalibu ni risasi.
Katikati yake ni moto tu,
na baba yangu, Sakalani, amechuchumaa nyuma ya zizi,
kitambaa kimemkaza kipajini
jasho lisidondoke.

Tone moja likiingia kikaangoni, chuma kinaruka usoni.
Huku kwetu maji yanaombewa misa.
Hapo tu ndipo nilipoona mtu akiyaogopa.

Kibakwe, mwezi wa nne. Mtama unatia maziwa
na nguruwe wa milimani wameshaijua njia.
Tuna kopo la vyuma vya kubalansi matairi,
tulilobadilisha gereji, Mpwapwa mjini, kwa kilo mbili za karanga.
Betri, hapana. Tuliwahi kupasua moja ya lori;
kuku saba waliparua majivu yake
na Ijumaa haikuwakuta.

Risasi haiyeyuki kwa kelele.
Inakaa. Inakaa.
Mara kipande cha pembeni kinainamisha kichwa
kama mtu anayesinzia kanisani,
na wenzake wanamfuata.
Baba anadondosha nta ya nyuki, punje ya ukubwa wa kunde,
moshi unanukia mzinga,
na taka zote zinapanda juu kujishtaki.

"Mbumi, mulika."
Namulika. Kazi yangu ni kibatari,
na kuivuta kalibu moshi hadi tumbo lake liwe jeusi.
Kijiko kinainama. Hatupumui.
Ya kwanza hutoka na makunyanzi, chuma bado kina baridi.
"Rudisha."
Ya pili ina shimo kiunoni. "Rudisha."
Ya tatu inang'aa hata naiona pua yangu,
anaukata mkia wake, anaubwaga kikaangoni,
kisha anaibingirisha juu ya kipande cha kioo
akiisikiliza.

Mhembano, fundi baiskeli, aliwahi kumletea kalibu ya matundu sita.
Baba aliigeuza, akaifungua, akaifunga, akamrudishia.
"Ya sita itatoka hakuna aliyeitazama."
Thelathini kwa usiku, basi. Na mgongo unauma.

Halafu ukaja usiku wa ng'ombe wa Chiloleti.
Giza, mabua yanatikisika, kitu kinapumua.
Alfajiri tulimkuta ameanguka ubavu,
mtama bado uko mdomoni.
Baba alilipa mbuzi wanne na ndama,
na hakuna aliyemtukana, hilo ndilo lililomvunja.
Tangu hapo alizihesabu mara mbili:
zikitoka nyumbani, zikirudi.
Mara nyingi zilirudi zote,
na nguruwe wakashiba.

Gobore lilikwenda kituoni wakati wa kusalimisha silaha,
tukapewa karatasi yenye muhuri.
Kalibu hakuna aliyeiulizia.
Alipokufa, kaka zangu waligawana ng'ombe, shoka, baiskeli.
Mimi nilinyoosha mkono juu ya dari, kwenye masizi,
nikaishusha.

Sasa nasubu mwenyewe, Ihumwa, uani kwa mpangaji mwenzangu
anayekohoa makusudi nikiwasha mkaa.
Kuta zinaota kila upande, na kila ukuta unataka timazi.
Natumbukiza kijipete cha waya tunduni,
namimina, nahesabu, nafungua:
risasi ile ile, ila sasa ina sikio la kufungia uzi.
Nawauzia vijana wa ujenzi.
Hawaulizi umbo hilo lilitoka wapi.

Jana moja ilitoka na makunyanzi.
Mkono uliirudisha kabla mimi sijaamua.

Wanalalamika kwamba ni nyepesi,
upepo wa Dodoma unaichezea, inayumba ukutani.
Nawaambia shikeni uzi.
Subirini.